Keki ya Wenje na leseni zake mbili

Mwanamke wa Wenje, Kaunti ya Tana River, anapoteka makaa ya mti wa mathenge na kuyapalia juu ya kifuniko cha sufuria, ili keki iive juu kama inavyoiva chini, hana kosa lolote kwa serikali. Akiwakatia wanawe, hana kosa. Akiifunika kwa kawa na kumpelekea jirani aliyejifungua, hana kosa, tena atashukuriwa. Swali huanza siku jirani huyo anapomtumia pesa kwenye simu na kumwomba amwokee nyingine ya harusi. Je, ni halali kuzipokea bila leseni? Majibu yanayosikika sana ni mawili. Wapo wanaosema biashara ya chakula bila leseni ni haramu, na pesa yake haina tofauti na ya magendo. Wapo wanaosema jiko ni la mwenye nyumba, serikali ikae kwake. Nitadai hapa kwamba wote wawili wamekosea, na wamekosea mahali pamoja: wameikodolea macho pesa. Sheria ya Kenya haikuiharamisha pesa hiyo kwa kuwa ni pesa. Inachokiangalia ni jiko. Tena neno "leseni" tulitumialo kila siku limefunga pamoja karatasi mbili ambazo kazi zake ni tofauti kabisa, na mpaka zifunguliwe, mwoka keki wa kijijini atabaki akidaiwa yasiyomhusu na akisamehewa yanayomhusu.

Tuanze na karatasi ya tumbo. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, imekuwapo tangu 1965. Inamtia hatiani anayeuza chakula chenye sumu, kilichooza au kisichofaa kuliwa na binadamu, na vilevile anayekitayarisha, kukifunga, kukiweka au kukisafirisha ili kiuzwe katika hali ya uchafu. Waliotunga sheria hiyo walizijua hila za watu, maana neno "kuuza" humo limetanuliwa hadi likameza kutangaza, kuweka tayari, kubadilishana, na kutoa chakula kwa malipo ya namna yoyote ile. Anayedhani atakwepa kwa kuziita pesa "mchango wa unga" anajidanganya. Sheria haikuuliza jina la malipo. Chini yake zikatungwa Kanuni za Usafi wa Chakula za mwaka 1978, zinazokataza mtu kutumia jengo kwa kuuzia, kutayarishia, kufungia au kuwekea chakula cha kuuzwa ila awe na leseni iliyotolewa kwa kanuni hizo. Maneno ni mapana, hayakutaja hoteli wala kiwanda peke yake. Nayo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyotungwa enzi za ukoloni mwaka 1921, ina katazo ambalo kwa nyumba nyingi za vijijini ndilo gumu kuliko yote: mtu asiishi wala kulala katika jiko au chumba ambamo chakula cha kuuzwa hutayarishwa au kuwekwa. Maana yake ni kwamba mwoka keki asiye na leseni ya usafi amevunja sheria kabla hajaiona shilingi ya mteja. Amevunja pale alipokoroga unga kwa nia ya kuuza. Aliyekoroga unga uleule, kwa maji yaleyale, akaigawa keki bure kwenye hafla ya kijiji, hakuihitaji leseni hiyo. Hapo pana ajabu ambayo tutairudia.

Karatasi ya pili ni ya mfuko. Hii ndiyo watu wengi huita leseni bila kufikiri zaidi, yaani kibali cha biashara, kile ambacho askari wa kaunti hukiulizia mlangoni mwa duka. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 mabaraza ya miji na ya wilaya yalikuwa yakitoza kibali kimoja kwa kila biashara kulingana na aina na ukubwa wake, na ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 kaunti ziliurithi mtindo huo. Viwango vyake huwekwa kwenye sheria ya fedha inayopitishwa na bunge la kaunti. Kazi yake kubwa ni mapato. Kibali hicho hakimwambii mteja iwapo mpishi ana maji safi, kama kisivyomwambia mnunuzi wa misumari iwapo misumari ina kutu. Katiba ya 2010 yenyewe imezitenga kazi hizi mbili. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne inazipa kaunti huduma za afya, na ndani ya huduma hizo imetaja wazi utoaji wa leseni na udhibiti wa shughuli zinazouzia umma chakula. Kisha mbele zaidi, katika fungu jingine kabisa, imetaja masoko na leseni za biashara. Waandishi wa Katiba wangeweza kuyaweka mambo haya chini ya kichwa kimoja, lakini waliliweka la chakula kwenye afya. Ni katika utekelezaji ndipo yalipochanganywa tena: ofisi moja, foleni moja, risiti moja. Nairobi ilikwenda mbali zaidi mwaka 2023 ilipounganisha kibali cha biashara, usafi wa chakula, zimamoto na matangazo kuwa kibali kimoja. Kwa mwenye duka la mjini huo ni unafuu wa safari, na sina ugomvi nao. Kwa mtu anayeoka keki mbili kwa juma, muungano huo unamfunga: hawezi kukaguliwa jiko lake mpaka awe amelipia biashara kama wenye maduka.

Mtu anaweza kusema hizi ni nywele za wanasheria kuzipasua mara nne. Sivyo. Tofauti ya karatasi ya mfuko na karatasi ya tumbo ndiyo mahakama zimekuwa zikiitumia kwa karibu karne mbili kuamua kama asiye na leseni anaweza kudai malipo yake. Mwaka 1836, katika kesi ya Cope na Rowlands, dalali mmoja wa London alimshtaki mteja aliyekataa kumlipa ujira. Ikaonekana dalali hakuwa na leseni ya jiji. Mahakama ilimnyima, kwa hoja kwamba sheria ile ya leseni iliwekwa kuukinga umma na madalali wasiofaa. Kumlipa kungekuwa kuitoboa kinga hiyo. Miaka tisa baadaye, mwaka 1845, ikaja kesi ya Smith na Mawhood. Huyu alikuwa muuza tumbaku asiye na leseni, na mnunuzi alikwisha kuichukua tumbaku. Mahakama ikasema alipwe, kwa sababu leseni ya tumbaku ilikusudiwa kuijaza hazina; serikali na imtoze faini ikitaka, lakini mkataba wake na mnunuzi uko palepale. Wakenya hawajaazima hadithi hizi kwa hiari tu. Sheria ya Mamlaka ya Mahakama, Sura ya 8, inaziagiza mahakama zetu zifuate misingi ya sheria ya kimila ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kadiri hali ya nchi na ya wakazi wake inavyoruhusu, na kesi zote mbili zimeingia kwa mlango huo.

Sasa turudi Wenje. Mteja ameagiza keki ya harusi, ameichukua, wageni wameila wakamaliza, na siku ya kulipa anasema: huna leseni, hunidai kitu. Kama mwokaji alichokosa ni kibali cha biashara peke yake, mteja huyo ana deni na atalilipa, maana kibali ni karatasi ya hazina, sawa na tumbaku ya 1845. Kama alichokosa ni leseni ya usafi, mambo yanamgeukia, kwa kuwa karatasi hiyo iliwekwa kumlinda mlaji, na hakimu anaweza kumweka upande wa yule dalali. Bila shaka madeni ya namna hii hayafiki mara nyingi mahakamani Garsen wala Hola. Huishia kwa wazee, na wazee watauliza swali moja tu, kama keki ililiwa. Lakini jibu la kisheria limekwisha kuonekana. Kupokea pesa si kosa linalosimama peke yake. Bila kibali cha biashara, mwokaji ana deni lake na kaunti. Bila leseni ya usafi, amekosa jambo linalowahusu wote watakaokula. Kwa hiyo utawala wenye busara ungeshikilia hili la pili na kulegeza lile la kwanza. Tulichonacho ni kinyume chake. Kibali hudaiwa na askari anayepita na kitabu cha risiti, hali ukaguzi wa jiko humngoja mpishi aende mwenyewe ofisini.

Wale wa "jiko ni langu" wanahitaji jibu pia, na jibu lao limo ndani ya yai. Moto unaoivisha keki hadi katikati huua vijidudu vya salmonela vilivyomo ndani ya yai au juu ya ganda lake. Keki kavu ya mayai, sukari na siagi iliyoiva sawasawa ni miongoni mwa vyakula vyenye hatari ndogo, na visheti ni salama zaidi, maana vimekaangwa vikakaushwa, na sukari iliyoganda juu yake haiwapi vijidudu maji ya kuishi. Hatari huingia baada ya kuepua. Ute wa yai mbichi uliopigwa kwa sukari ili kuipamba keki haukupitia moto wowote. Krimu ya maziwa iliyokaa saa nne katika joto la bonde la Tana ni shamba la bakteria wa stafilokoka, ambao makao yao ya kawaida ni puani na mikononi mwa binadamu, na sumu yao haiharibiwi hata chakula kikipashwa moto tena. Mkate wa sinia wenye tui jingi huchacha upesi, na kila mpishi wa Pwani analijua hilo pasipo maabara. Halafu kuna maji. Mwaka 2022 kipindupindu kilianza kusambaa kutokana na sherehe ya harusi huko Limuru, Kaunti ya Kiambu, katika mwezi wa Oktoba, na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti kilizofika. Chakula kichafu huvuka uzio wa nyumba, na anayelishwa kwa pesa zake hana nafasi ya kuchungulia mtungi wa mpishi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kulindwa afya yake. Haki hiyo haikuishia kwenye milango ya maduka.

Hata hivyo mfano wa Limuru unakata kote kuwili. Wageni wa harusi hawanunui sahani zao. Kama tulivyoona, sheria yetu huamka pale chakula kinapokusudiwa kuuzwa na hulala pale kinapogawiwa, ilhali kijidudu hakijui bei. Wala leseni yenyewe si kinga kamili. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya aflatoksini iliyopita kiwango. Hizo zilikuwa chapa za viwanda, zenye alama ya ubora, zilizopangwa kwenye rafu za maduka makubwa. Sisemi haya ili leseni ya usafi ifutwe. Nasema thamani yake haimo katika karatasi, imo katika maswali yanayoulizwa kabla ya kuitoa, na maswali yanayoulizwa leo yalitungwa kwa ajili ya jengo jingine. Kanuni za 1978 zilikuwa na picha ya mkahawa wa mjini: kuta, sakafu, mifereji, vyoo vya wafanyakazi, nafasi ya kuhifadhia. Ukizileta katika nyumba ya vyumba viwili kando ya mto, mpishi anaanguka kwenye swali la kwanza kuhusu sakafu, na hakuna anayefika kwenye swali la maji. Lingekuwa jambo la maana zaidi kwa bwana afya wa eneo kuuliza: maji ya kukandia umeyatoa wapi na umeyatibu kwa kitu gani? Mayai yenye ufa unayafanyaje? Ukiharisha unaoka au unaacha? Urembo wa juu umepikwa au ni mbichi? Keki inakaa wapi usiku, na nani analala hapo? Swali hili la mwisho ndilo katazo la 1921 katika lugha inayoweza kujibiwa, maana kabati lenye mlango katika chumba ambacho hakuna anayelala linaweza kutosha.

Wengine wamekwisha kupita njia hii. Uingereza, ambako tumerithi nusu ya sheria zetu, anayeoka nyumbani na kuuza hujiandikisha kwa halmashauri ya eneo lake siku 28 kabla ya kuanza, bila malipo, na ukaguzi hufuata kulingana na hatari ya anachouza. Marekani mambo haya huamuliwa na kila jimbo. California ilipitisha sheria yake mwaka 2012, ikaanza kutumika mwaka uliofuata: kuna daraja la wanaouza moja kwa moja kwa mlaji, ambao hujaza fomu ya kujikagua, na daraja la wanaopitisha bidhaa dukani, ambao hukaguliwa, orodha ya vyakula ni ile isiyoharibika upesi, na krimu imeachwa nje. New Jersey ndilo lililokuwa jimbo la mwisho kuwafungulia waokaji wa nyumbani, na lilifanya hivyo mwaka 2021 baada ya waokaji wenyewe kulifikisha shauri mahakamani. Karibu nasi kuna Tanzania, na mfano wake unafundisha kwa pande zote mbili. Mwishoni mwa 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 za Tanzania, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka, na mwenye kitambulisho akaachwa asisumbuliwe na watoza ushuru. Mama lishe wengi walipumua. Lakini angalia kilichotatuliwa: ilikuwa karatasi ya mfuko tupu. Kitambulisho kilimwambia askari kwamba mwenye sinia amekwisha kulipa. Hakikumwambia mlaji chochote kuhusu mikono iliyoliandaa sinia hilo. Uingereza na California zilianzia kwenye chakula, Tanzania ikaanzia kwenye ushuru, na tofauti hiyo ndiyo inayonishughulisha hapa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kikatiba, na mawakili wa kaunti hulishika kama ngao: Sura ya 254 ni sheria ya taifa, na kaunti haina uwezo wa kuitangua. Kweli haina. Kifungu cha 191 kinazipa sheria za taifa nguvu juu ya za kaunti pale zinapoweka viwango vinavyohitajika nchi nzima, na usalama wa chakula ni mfano mzuri wa viwango hivyo. Lakini simwombei mwokaji wa Wenje asamehewe leseni. Naomba apewe. Sheria ya taifa imetaka awe na leseni na asitayarishe chakula katika uchafu; kuitoa leseni, kupanga ukaguzi unaoitangulia na kuweka ada yake ni kazi ambayo Jedwali la Nne limeiweka mikononi mwa kaunti. Bunge la kaunti pale Hola linaweza kutunga sheria ya majiko ya nyumbani inayotaja orodha ya vyakula vikavu, idadi ya maagizo kwa juma, ukaguzi mmoja wa jiko na cheti cha afya cha mpishi, kisha ikaiita hiyo leseni ya usafi kwa maana kamili ya kanuni za 1978. Hakuna kiwango cha taifa kitakachokuwa kimeshushwa. Keki yenye krimu, mkate wa tui na maji ya matunda vitabaki katika mkondo wa kawaida, na anayetaka kuviuza ataendelea kutafuta jengo. Jambo ambalo kaunti haiwezi kulifanya peke yake ni kufuta lile katazo la kulala jikoni, na kwa maoni yangu lisifutwe.

Wenye mikate watalalamika. Mtu amekodi chumba Garsen, ameweka tanuri, analipa kibali, leseni ya usafi, vyeti vya afya vya vijana wake, na mkate wake una mahitaji ya Shirika la Viwango. Kisha anaambiwa kuna jirani yake anayeoka sebuleni kwa fomu moja. Lalamiko hilo lina haki ndani yake, na ndiyo maana mpaka lazima uwekwe na uwekwe kwa kipimo kinachojulikana. Kwa bahati nzuri sheria zetu nyingine zimekwisha kukubali kwamba mdogo si sawa na mkubwa. Sheria ya Biashara Ndogo Kabisa na Ndogo ya 2012 inaitambua biashara ndogo kabisa kuwa ni ile yenye watu chini ya kumi na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Kodi ya mauzo, iliyopandishwa kutoka asilimia 1 hadi 3 mwaka 2023, haimgusi ambaye mauzo yake hayajafika shilingi milioni 1. Kwa hiyo Mamlaka ya Mapato, ambayo hakuna aliyewahi kuishutumu kwa huruma, inamwacha mwoka keki wa kijijini; inashangaza kaunti ikimshika yeye kwanza. Mpaka wa shilingi 500,000 ungefaa. Akiuvuka, ajiunge na wenye matanuri. Tena biashara hizo mbili hazigombanii mteja mmoja kama inavyodhaniwa: mwenye tanuri huuza mkate wa kila asubuhi, na mwokaji wa nyumbani huuza keki ya siku moja, iliyoandikwa jina la bibi harusi.

Kuna na wale wanaouliza shida iko wapi, ikiwa hakuna mtu aliyefungwa kwa kuoka keki. Mambo yaachwe yalivyo, wanasema. Sheria ilale na mpishi aoke. Huu ndio msimamo wenye wafuasi wengi na ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Sheria iliyolala huamshwa na yeyote anayeona faida ya kuiamsha. Mpishi asiye na karatasi hana pa kusimama siku afisa anapomtembelea na kumwambia kwamba jambo hili linaweza kuzungumzwa. Hawezi kuuza shuleni wala kuomba ile asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu tangu 2013, kwa kuwa zabuni ya vitafunio huanza kwa kuulizwa vyeti. Serikali iliyoanzisha Hustler Fund mwishoni mwa Novemba 2022 humkopesha shilingi 500 au zaidi kwenye simu ili anunue unga, haimwulizi jiko lake liko hali gani, kisha serikali nyingine ya ngazi ya chini inaweza kuufanya unga huohuo kuwa ushahidi. Na mlaji naye anapoteza. Mpishi anayejificha hafiki kwa bwana afya kuuliza jinsi ya kutibu maji mto unapofurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena katika masika ya 2024, wakati ambapo ushauri huo ndio ungehitajika kuliko siku nyingine zote. Kuificha biashara ya chakula ni kuuficha na ugonjwa wake, kwa maana palipo na orodha ya wapishi, mlipuko una mahali pa kuanzia kutafutwa.

Kuhusu mapato nitasema machache. Ada za waoka keki wa vijijini haziwezi kuijenga kaunti, na kifungu cha 209 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma zinazozitoa. Huduma ni ipi kwa mtu asiyetumia soko la kaunti, kibanda cha kaunti wala uzoaji taka wa kaunti? Ukaguzi wa jiko ni huduma. Atozwe huo, kwa kiasi cha nauli ya afisa na karatasi yake. Kifungu cha 210 nacho kinataka kila ada ya leseni iwe na sheria nyuma yake, kwa hiyo hata msamaha ninaoutetea hapa hauwezi kutolewa kwa neno la mdomo la waziri wa kaunti akiwa jukwaani. Uandikwe katika sheria ya fedha ya mwaka, ukitaja kwamba jiko la nyumbani lenye leseni ya usafi na mauzo ya chini ya kiasi fulani halitozwi kibali cha biashara. Hata jina la biashara halihitaji gharama, kwa kuwa sheria ya usajili wa majina haimlazimishi anayefanya biashara kwa jina lake halisi kulisajili. Jina hilo likiandikwa juu ya boksi pamoja na tarehe ya kuokwa, mlaji atajua keki ni ya nani na imekaa muda gani.

Limebaki jambo moja ambalo karatasi zote hizi hazilimalizi. Ni kawaida mwenye shughuli kuleta unga, sukari, mayai na siagi yake mwenyewe, na kumlipa mpishi kazi ya mikono tu, kama apelekaye mahindi kwenye mashine ya kusaga. Je, hapo chakula kimeuzwa? Wakili hodari angesema hapana: keki ilikuwa mali ya mteja tangu ilipokuwa unga, na mpishi ameuza jasho lake. Hoja hiyo ina nguvu, na inaweza kumtoa nje ya leseni ya 1978 mpishi ambaye kila mteja wake huja na kikapu. Lakini haimtoi nje ya wajibu. Tangu uamuzi wa Baraza la Mabwana la Uingereza wa mwaka 1932 katika shauri la Donoghue na Stevenson, la chupa ya kinywaji na konokono aliyeoza ndani yake, mtengenezaji anawajibika kwa uzembe wake hata kwa mlaji ambaye hakununua kwake. Aliyeshtaki katika shauri lile alinunuliwa kinywaji na rafiki. Yeye mwenyewe hakutoa senti. Mgeni wa harusi ya Wenje aliyekatiwa kipande cha keki yuko katika kiti hichohicho, na mpishi aliyeyachota maji mtoni bila kuyachemsha hataulizwa kama unga ulikuwa wake.